Sufuria ya Kundi la Tatu

Kabla ya yote naomba radhi. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na humu kuna maneno niliyoyafuta mara mbili na bado nayaonea shaka. Mwandiko wangu nao hulalia upande mmoja, basi atakayesoma na asome polepole kama nilivyoandika. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Lakini kusema kwa mdomo ni kugumu zaidi kwangu. Nikisimama mbele ya watu watatu sauti hukwama, ndiyo maana nimechagua karatasi.

Jambo lenyewe lilitokea nilipokuwa darasa la saba hapa Malindi, miaka ile ya mwanzo ya mfumo mpya wa masomo, tulipoanza kufunzwa upishi na useremala shuleni pamoja na hesabu.

Shule yetu ilikuwa ya mjini na ilichukua watoto wa kila namna. Kulikuwa na watoto wa mji wa kale, Waswahili na Wabajuni na Waarabu wachache. Kulikuwa na Wagiriama, wengine wametoka Matsangoni na mbali zaidi, wakikaa kwa shangazi na wajomba ili wasome. Kulikuwa na watoto wa askari na wa makarani. Na kulikuwa na sisi wa mtaa wa Kisumu Ndogo, ambao baba zetu walitoka bara kutafuta kazi za mahoteli na za ujenzi. Sisi ni Waluhya. Nililetwa pwani nikiwa mdogo mgongoni, na Kiswahili changu nilikiokota kwenye foleni ya maji.

Hakuna mwalimu aliyetupangia mahali pa kukaa, lakini kila mtu alipajua pake. Wa mjini walikaa mbele upande wa madirisha, Wagiriama katikati, sisi nyuma ukutani. Hata mtoto mgeni akiletwa katikati ya muhula, alitazama nyuso mara moja tu, kisha akaenda kwa wenzake bila kuambiwa.

Somo la upishi ndilo lililotuumiza zaidi. Mwalimu aliyetangulia alituambia tujigawe, nasi tukajigawa. Wenye mbuzi za kukunia nazi wakawa pamoja, na sisi tuliobaki tukawa kundi la waliobaki. Kwetu wali wa nazi haukupikwa. Mama zetu walikuwa watu wa ugali na mboga za majani, kwa hiyo hatukuwa na mbuzi wala kifumbu cha kuchujia tui. Tulingoja wenzetu wamalize ndipo tuazime, na walipomaliza kengele ilikuwa karibu kulia. Wali wetu ulitoka na kiini kigumu. Mwalimu aliuonja kwa ncha ya kijiko, akaandika alama huku akiangalia pengine. Wenzetu walisema wabara hawaijui nazi. Ukiambiwa neno mara nyingi unaanza kulibeba mwenyewe, nasi tulilibeba.

Muhula wa pili alikuja mwalimu mwingine, mwanamke Mgiriama wa Kaloleni, mfupi, mwenye kutembea haraka. Siku ya kwanza ya upishi hakusema tujigawe. Alifungua rejista, akahesabu majina kutoka juu, kila majina sita kundi moja, basi. Mimi nikaangukia kundi la tatu pamoja na wasichana watatu na wavulana wawili. Msichana wa kwanza alikuwa wa mji wa kale, mama yake akiuza mahamri na mbaazi asubuhi mlangoni pake. Wa pili alikuwa binti wa mwenye duka la nguo. Wa tatu alikuwa Mgiriama wa Matsangoni, mcheshi, ambaye hata akichapwa alikuwa na la kusema. Kati ya wavulana, mmoja alikuwa mtoto wa askari, na mwingine alikuwa jirani yangu wa Kisumu Ndogo, mkimya kuliko hata mimi.

Wiki ile ile wazazi walikuja. Sisi wa nyuma tulichungulia dirishani. Mwenye duka la nguo ndiye aliyesema kwa niaba ya wote, kwa upole, kofia yake mkononi. Alisema hakatai mwanawe kukaa na watu wa kila kabila, maana hata dukani kwake wanaingia wote. Anachokataa ni mwanawe kula katika chombo kilichopikiwa nguruwe.

"Hiyo ni haki yako, bwana," mwalimu akamjibu. "Na mimi singekubali umlishe mwanangu nisichokijua."

Nadhani yule bwana alikuwa amejitayarisha kwa ubishi, kwa sababu aligeuza kofia yake mkononi kama asiyejua aiweke wapi. Ndipo mwalimu akaweka sharti mbele yao: makundi yatabaki vile vile, na anayeleta chombo atasema kwa ukweli kimepikiwa nini. Wakaondoka. Njiani tuliwasikia wakibishana kama wameshinda au wameshindwa.

Kundi letu lilikaa chini ya kibanda cha makuti nyuma ya darasa kugawana vitu vya kuleta. Msichana wa mahamri alisema ataleta mbuzi na kifumbu. Wa Matsangoni akasema nazi ni zake, na kuni, na kama twataka hata mnazi wenyewe ataung'oa aje nao. Binti wa mwenye duka angeleta mchele. Ikabaki sufuria ya kutosha watu sita. Sufuria kubwa ya kina msichana wa mahamri haikuweza kutoka kwao, kwa kuwa kila asubuhi ilikuwa na mbaazi. Wengine walikuwa na ndogo tu. Nikasikia sauti yangu ikisema kwetu iko kubwa.

Wote wakanigeukia. Msichana wa mahamri akaniuliza, wala si kwa ubaya:

"Haijapikiwa nguruwe?"

"Haijapikiwa," nikasema.

Ilikuwa imepikiwa. Baba alikuwa akiosha vyombo katika hoteli moja ya watalii, na hoteli ilipofungwa msimu wa mvua wapishi waligawana nyama zilizobaki kwenye barafu. Fungu la baba likawa nguruwe. Mama aliipika katika sufuria kubwa kwa sababu ndogo haikuitosha, na siku hiyo tulikula mpaka mdogo wangu akasinzia na kipande mkononi. Ilikuwa siku moja tu, hatukuipata tena. Lakini nilipoulizwa niliiona ile siku yote machoni pangu, hata harufu niliisikia, na bado nikasema haijapikiwa. Nataka mwelewe kwa nini, ingawa sijitetei. Katika miaka yangu yote ya shule, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuhitaji kitu kutoka nyumbani kwetu.

Siku ya kupika tulikuwa wa kwanza kuwasha moto. Msichana wa mahamri alinikalisha juu ya mbuzi, akanishika mikono kunionyesha namna ya kukuna bila kufikia kifuu, maana ukifikia kifuu tui linakuwa na vijiti vyeusi. Nilikuna nazi mbili. Wa Matsangoni alikamua kifumbu huku akisema ndivyo shangazi yake anavyomkamua yeye kazi. Wavulana walichota maji. Sufuria ya mama ilikaa juu ya mafiga, na wali ulipokauka ulitoa harufu ambayo nilizoea kuisikia tu nikipita milango ya watu. Mwalimu hakuonja kwa ncha ya kijiko. Alijaza kijiko, akatafuna, akajaza tena, akasema kundi la tatu limepika. Tulipata alama za juu kuliko wote. Msichana wa mahamri alikula sahani mbili, kisha akafunga ukoko kwenye jani la mgomba ampelekee mama yake.

Kesho yake akaniambia mama yake ameusifu wali na anataka kumwona mbara aliyekuna nazi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuingia mji wa kale. Nilikuwa nimepita njia zile mara nyingi bila kujua ndani kukoje. Mama yake alikuwa mwanamke mnene, mwenye vicheko na ukali kwa pamoja. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia "Marahaba, mwanangu," akanisogezea sahani ya mahamri kabla sijaketi. Nilikula katika vyombo vyao, na hakuna aliyekitenga kikombe nilichonywea. Jioni binti yake alinisindikiza mpaka barabara kubwa. Basi akawa rafiki yangu, na sikuwa nimepata rafiki wa nje ya Kisumu Ndogo kabla ya hapo. Darasani alinivutia nafasi kwenye benchi la mbele. Nilikaa pale wiki tatu, na kila siku nilipokaa nilijua nimeketi juu ya uongo.

Kilichonimaliza ni mbwa. Alasiri moja nilikuwa kwao namsaidia kukata unga, na mbwa mmoja asiye na mwenyewe akaingia uani akalamba bakuli lililokuwa chini. Mama wa rafiki yangu alimfukuza kwa mpini wa ufagio mpaka nje, akimwuliza mbwa kama ameona bango la hoteli. Sisi tukacheka. Kisha akalichukua lile bakuli, akachota udongo penye mgomba, akautia maji, akalisugua. Halafu akalisuuza, akamwaga, akalisuuza tena, huku akihesabu mpaka saba. Nikamwuliza rafiki yangu kwa nini. Akanieleza kwamba chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja ya hizo saba lazima iwe na udongo, ndipo kinakuwa tohara, yaani safi kwa sheria ya dini.

"Na nguruwe?" nikauliza.

"Vivyo hivyo," akasema, na akaendelea kukata unga.

Nilirudi nyumbani njia ndefu. Ijumaa ya wiki iliyofuata ilikuwa mtihani wa upishi wa muhula, na kundi zima lilitegemea sufuria ile ile. Nilifikiri nikiiosha mara saba kwa siri, mambo yatakuwa yamekwisha na hakuna atakayejua. Siku ya pili mama alipokuwa sokoni niliitoa nyuma ya nyumba, nikachota mchanga, nikaanza kusugua. Nilifika mara ya nne alipotokea. Mama yangu hakuwa mtu wa kukosa kuona. Aliuliza kwa nini nasugua kitu kisichokuwa na masizi, nami sikuweza kumdanganya na yeye. Nikamwambia yote.

Alikaa kwenye kigogo. Nilitazamia anichape, lakini aliishika sufuria akaitia mapajani. Alisema kwa lugha yetu, nami hapa nayaandika kwa Kiswahili. Alisema sufuria yake si chafu, anaiosha kila siku nami naona, na asisikie nikisema ni chafu. Kisha akanikumbusha kwamba kule kwetu wanawake wa zamani hawakula kuku. Yeye mwenyewe aliolewa akiwa hajaonja kuku, akapika kuku wa wageni miaka mingi na yeye akala mboga.

"Mtu angenilisha kuku kwa siri ningemchukia," akasema. "Na kuku ni mzuri. Mwenye chombo ndiye anayejua kilichoingia. Nenda kaseme."

Nilimwomba aende badala yangu, kwa kuwa anajua ninavyokwama. Akasema si yeye aliyewalisha watu.

Nilikwenda kwa rafiki yangu asubuhi ya Jumamosi, saa ambayo wateja wa mahamri walikuwa wamepungua. Nilisimama mlangoni nikiwa nimekusudia kuanza kwa salamu, lakini maneno yote yalitoka pamoja, nguruwe na salamu na hoteli na msamaha. Rafiki yangu alikuwa anapanga vikombe. Alisimama navyo mkononi. Kisha akaviweka chini kimoja kimoja, akaingia chumba cha ndani, pazia likaanguka nyuma yake.

Mama yake hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye leso.

"Sufuria dawa yake maji na udongo," akasema. "Ulimi wako dawa yake nini?"

Akasema na yeye ameula ule ukoko, akausifia kwa majirani, na sasa majirani nao watamcheka. Akaniuliza ni nani wengine walioambiwa. Nikasema hakuna. Akaniambia niende kwa kila nyumba ambayo mtoto wake alikula, niseme kama nilivyosema hapa, ila pole pole ili watu waelewe. Nikathubutu kumwuliza kama atakuja nami. Akasema niliingia peke yangu, nitoke peke yangu.

Sikutoka peke yangu kabisa. Yule wa Matsangoni nilimkuta kwa shangazi yake akichambua mchicha, na nilipomaliza kueleza alisema kwao hawaulizi sufuria ilikotoka, wanauliza kama imejaa. Lakini alivaa viatu akanifuata. Tulikwenda kwa mtoto wa askari, ambako mama yake alisema wao ni Wakristo, haina shida, tunywe chai. Kwa jirani yangu mkimya sikwenda, maana nilidhani mtu wa Kisumu Ndogo kama mimi hana la kuuliza. Kisha tukaenda dukani kwa mwenye duka la nguo.

Hapo ndipo sauti ilipokwama kweli. Alikuwa anapima kitambaa. Alingoja, mita mkononi, na mimi nikafungua mdomo nikafunga. Yule wa Matsangoni akanibana kidole, nikasema. Yule bwana alikunja kitambaa chake vizuri mpaka mwisho kabla ya kujibu. Alisema anashukuru kuambiwa. Alisema pia kwamba alimwamini mwalimu, na mwalimu aliniamini mimi, basi yeye amwamini nani? Hakusema kwa hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya marobota, ananitazama. Jumatatu hakuja katika kundi letu. Baba yake aliomba awekwe kundi la jamaa zake, na mwalimu akakubali.

Mwalimu alipoambiwa na yule bwana hakunichapa, ingawa fimbo ilikuwako na wengine walichapwa kwa madogo kuliko hilo. Alinisimamisha mbele ya darasa. Nikasema nilichosema mara nne tayari, na mara ya tano ilikuwa nyepesi kidogo tu. Nyuma mtu akaguna, "Si tulisema? Wabara wote wala nguruwe." Nikaona wenzangu wa ukutani wakiinamisha vichwa, na hilo liliniuma kuliko jambo jingine lolote siku ile. Uongo ulikuwa wangu, lakini aibu iligawiwa kwao.

Mwalimu alimwuliza aliyesema hivyo amewahesabu lini. Kisha akaanza kwenye benchi la kwanza na kumtaka kila mtu aseme kwao hawali nini. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Mwanzoni watu walicheka, baadaye wakasikiliza. Mmoja kwao hawali pweza. Mgiriama mmoja akasema ukoo wao una ndege wasiyemgusa. Mtoto wa askari alisema yeye hali maharagwe, mwalimu akamwambia hiyo si dini, hiyo ni deko. Zamu ikafika nyuma, kwa yule jirani yangu mkimya wa kundi la tatu.

"Sisi ni Wasabato," akasema. "Kwetu nguruwe hata hatumnusi."

Huyu alikuwa amefukuzwa kwenye sahani za watu tangu darasa la kwanza. Aliyeguna akamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Ungeniuliza," akajibu, akaketi.

Sijui kama kilichomlainisha mama wa rafiki yangu ni neno hilo, au ni maalim wa chuo cha Kurani aliyemwendea. Maalim alimwambia kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi, na chombo kikishatoharishwa kinatumika. Najua tu kwamba Jumatano yule mama alimtuma mtoto Kisumu Ndogo na ujumbe: mama yangu aje, na sufuria yake aje nayo.

Mama alivaa gauni lake la kanisani. Tulipofika uani, wale wanawake wawili waliamkiana kwa haya, kila mmoja akimwita mwenzake dada. Mama hakuweka sufuria chini mpaka alipoombwa. Alisema ameileta kwa sababu ya watoto, lakini ajulikane kwamba yeye ni mtu msafi. Mama wa rafiki yangu akasema, "Dada, kama ungekuwa mchafu nisingekuita kwangu. Hii ni ibada, si sabuni."

Wakaanza. Mmoja alimimina maji, mwingine akasugua kwa udongo wa mgomba. Mimi nilisimama kando na ndoo. Walipofika katikati, mama wa rafiki yangu akauliza ni kweli kwamba kwetu wanawake hawali kuku, maana nilikuwa nimemweleza binti yake tulipokuwa bado tunasemezana. Mama akasema ni kweli, zamani, na akaeleza jinsi wanaume walivyogawana kuku mpaka miguu huku mpishi ananusa mvuke. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema huku pwani mwanamume akijaribu hivyo atamla huyo kuku mbichi. Mama naye akacheka, na sikuwa nimemwona akicheka na mtu wa mjini.

"Tumefika ngapi?" mama wa rafiki yangu akauliza akifuta machozi.

"Tano," mama akasema.

"Mimi nina nne."

Wakatazamana. Wakamwaga maji yote, wakaanza upya tangu moja. Safari hii mama alihesabu kwa lugha yetu na yule mama kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mmoja akimlinda mwenzake, mpaka wakafika saba pamoja. Rafiki yangu alikuwa amesimama penye pazia muda huo wote. Hakunisemesha, lakini hakurudi ndani.

Mama hakuirudisha sufuria nyumbani. Aliamua mwenyewe, bila kuombwa, kwamba itakaa shuleni katika kabati la mwalimu mpaka tumalize darasa la nane, isije mtu akalazimika kuuliza tena. Kwetu tukawa tunapika mara mbili katika ile ndogo, wakubwa wakingoja wadogo wamalize. Baba alinung'unika siku mbili akazoea.

Ijumaa tulifanya mtihani tukiwa watano. Rafiki yangu alileta mbuzi yake. Sikujua kama nikae juu yake au niache. Alikaa yeye akakuna nazi ya kwanza, kisha akainuka akaisukuma ile mbuzi kwangu kwa mguu.

"Usifike kifuu," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza baada ya siku sita. Nikakuna. Wali haukuwa mzuri kama ule wa kwanza, kwa sababu wote tulikuwa na wasiwasi na moto ulizidi. Tulipopakua kila mtu alingoja. Rafiki yangu akachukua tonge, akalitazama, akala. Wa Matsangoni akasema kama mpaka sasa tunasubiri hotuba, yeye anaanza. Tulipata alama za katikati, na mwalimu akasema zinatutosha.

Urafiki haukurudi siku ile. Ulirudi kidogo kidogo, na kuna maswali ambayo mpaka leo akiniuliza hunitazama machoni kabla ya kukubali jibu. Nadhani ana haki hiyo. Lakini mambo mengine yaligeuka upesi kuliko nilivyotarajia. Makundi ya rejista yalibaki. Kila muhula ulipoanza mwalimu aliuliza lile swali lake, benchi kwa benchi, na hakuna aliyecheka tena. Yule Msabato akawa ndiye anayeaminiwa kwa vyombo, watu wa mjini wakiazima sufuria nyumbani kwao. Kisumu Ndogo nzima ilijifunza kukuna nazi kupitia kwetu watoto, na mama yangu hupika wali wa nazi kila Jumapili, ingawa huzidisha chumvi. Mama wa rafiki yangu huja siku zingine. Na darasani, bila mtu kutangaza, ukuta wa nyuma uliacha kuwa wa kabila moja. Walikaa pale waliochelewa.

Liko jambo moja ambalo halikupona. Binti wa mwenye duka la nguo hakurudi kundini. Muhula uliofuata baba yake alimhamishia shule nyingine, na baadaye duka likafungwa, nasikia walihamia Mombasa. Hatukuwahi kusemeshana tangu siku ile aliposimama nyuma ya marobota. Mchele wa siku ya kwanza ulikuwa wake. Alikula sahani yake yote, akanishukuru kwa sufuria.

Kwa hiyo naomba, anayesoma haya na aniandikie, hata mistari miwili, kwa njia ile ile iliyomfikishia karatasi hizi. Niambieni shuleni kwenu watoto wanakula na nani, na ni nani anayeulizwa, na ni nani asiyeulizwa. Na kama msomaji ni wewe uliyeleta mchele, utajijua. Kwako sina maelezo zaidi ya haya. Nataka tu kujua kama baba yako yu mzima, na kama ungekubali kuja kula kwetu. Tutakuambia kila kilichopita katika kila chombo, kisha utachagua mwenyewe. Niandikie.